Mstari Mmoja Kwenye Zabuni: Mwongozo wa Kununulia Ofisi za Umma Lamu Rangi, Sabuni na Dawa Zisizodhuru Watu

Rangi ya manjano inayong'aa hupendwa sana kwenye madarasa ya chekechea. Mlango manjano, dirisha jekundu, bembea ya chuma rangi ya chungwa. Mtoto wa miaka minne hushika dirisha, akashika bembea, kisha akatia vidole mdomoni. Ikiwa rangi ile ilipata mng'ao wake kwenye kromati ya risasi, yaani unga wa rangi wenye madini ya risasi, basi pesa za umma zimenunua sumu na kuipaka palepale kimo cha mtoto kinapofika. Wala hakuna aliyekusudia. Aliyeandika mahitaji aliandika "rangi ya mafuta, manjano, lita 4, makopo 60". Muuzaji akaleta rangi ya mafuta, manjano, lita 4, makopo 60. Karani akahesabu, akatia sahihi.

Mwongozo huu unahusu maneno yaliyokosekana kwenye mstari ule, jinsi ya kuyaandika yasipingike, na jinsi ya kuyalinda hadi kopo lishuke gatini. Nimekaa upande wa ununuzi miaka ya kutosha kujua kwamba vita hivi havishindwi kwa semina wala kwa mabango ya mazingira. Mstari ukikosekana hadi muda wa kuwasilisha zabuni ukaisha, hakuna kamati itakayouongeza baadaye, na sheria yenyewe hairuhusu.

Ninaandika nikiwafikiria maafisa wa ununuzi wa kaunti, wafamasia na wasimamizi wa usafi hospitalini, kamati za chekechea, na muuzaji wa hadwea anayetaka kujua kesho ataulizwa nini. Lamu mnunuzi mkubwa kuliko wote ni serikali. Kaunti na hospitali zikibadilisha wanachoagiza, muuzaji hubadilisha anachoweka dukani, na mwananchi anayepaka chumba cha bibi harusi hukuta kopo lililo salama zaidi bila hata kuuliza. Wenzetu wamelifanya hili zamani. Marekani ilitoa amri ya rais mwaka 1993 ikizitaka ofisi za serikali kuu zipendelee bidhaa zisizoharibu mazingira, na jiji la San Francisco likapitisha mwaka 2005 sheria ya kununua kwa tahadhari, yaani kuuliza kwanza kama kuna kitu salama zaidi kabla ya kununua chenye hatari.

Hatua ya 1: Ingia stoo

Usianze na orodha za kemikali za kutisha kutoka intaneti. Anza na daftari, kalamu na mtunza stoo. Fomu za S11, zile za kuombea na kutolea vitu stoo, zitakwambia nani alichukua nini na mara ngapi, na kadi za stoo zitakwambia kinachokaa hadi kikaoza. Kwa kila bidhaa andika mambo matano: jina lililo kwenye kopo, kiasi kinachotumika kwa mwaka, kazi yake, nani anaigusa kwa mikono, na inaishia wapi baada ya kutumika.

Swali la mwisho ndilo la Lamu hasa. Mji mkongwe una mitaro ya wazi. Maji ya kupigia deki yakimwagwa Mkomani au Langoni, hushuka na mtaro hadi baharini, mahali watoto wanapopiga mbizi na wavuvi wanapofunga mashua. Na maji ya kunywa ya mji yanatoka kwenye visima vya matuta ya mchanga ya Shela. Mchanga huchuja vitu vingi, lakini si kila kitu. Kwa hiyo kinachomwagwa ovyo upande ule si jambo dogo.

Utakutana na mambo ya kushangaza. Bidhaa tatu tofauti kwa kazi moja. Jerikani isiyo na lebo ambayo kila mtu anaiita "ile dawa". Klorini na asidi ya choo kwenye rafu moja, pengine na ndoo moja ya kuchanganyia. Hapo simama kwanza: klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Zitenganishe siku hiyohiyo, usingoje zabuni.

Hatua ya 2: Chagua vichache

Ofisi inayojaribu kubadilisha bidhaa arobaini kwa mwaka mmoja haibadilishi hata moja. Chagua tatu au nne. Mimi hupima kwa maswali haya: Je, watoto, wajawazito au wagonjwa wanafikiwa? Je, tunanunua nyingi? Je, kuna mbadala unaouzwa Mombasa au Malindi leo hii, si kwenye katalogi ya Ulaya? Bidhaa ikijibu "ndiyo" mara tatu, iweke juu.

Kwa Lamu ningeanza na hizi nne.

Rangi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chochote chake kilicho salama. Mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima kutoka kwenye kiasi kilekile alichomeza. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana: kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ilizaliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu katikati ya makazi ya watu, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rangi ni njia ya kimyakimya zaidi ya sumu ileile. Kiwango cha kuandika kwenye zabuni ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni ya rangi iliyokauka, sawa na asilimia 0.009. Rangi za kuangalia zaidi ni za mafuta, hasa manjano, nyekundu na chungwa. Rangi nyeupe ya maji mara nyingi haina shida hiyo.

Zebaki. Kipimajoto cha kioo kina zebaki karibu gramu moja. Kipima presha cha zamani cha ukutani huwa na zaidi ya gramu themanini. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa zebaki uliopitishwa mwaka 2013, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kufanyia biashara vifaa hivyo kati ya nchi na nchi, na Kenya iliuridhia mwaka 2023. Hapa hakuna mjadala mrefu. Vya dijitali vipo, na ukinunua vya zebaki leo umenunua mzigo wa kutupa kesho. Taa ndefu za mirija nazo zina zebaki na zinaelekea kuondolewa sokoni kwa mkataba huohuo, hivyo andika LED na uendelee na safari.

Dawa za kuua vijidudu hospitalini. Glutaraldehaidi, inayotumika kulowekea vifaa, husababisha pumu kwa wauguzi wanaoivuta kila siku kwenye chumba kisicho na hewa. Kifaa kinachostahimili joto hakihitaji kulowekwa. Mashine ya mvuke inatosha. Kwa vile visivyostahimili joto, uliza kuhusu haidrojeni peroksaidi au asidi ya perasetiki, ukijua kwamba hii ya pili nayo huchoma ngozi na macho, na hula baadhi ya metali. Nalo sakafu la ofisi ya kawaida halihitaji dawa ya kuua vijidudu hata kidogo. Sabuni na maji yanatosha. Klorini iwekee damu, choo na wodi.

Dawa ya mchwa. BQ za majengo ya kaunti, yaani orodha za kazi na vifaa ambazo mkandarasi huzijazia bei, mara nyingi huwa na umwagaji wa dawa ya mchwa chini ya msingi, na kwa miaka mingi dawa hiyo mara nyingi imekuwa klorpirifosi. Umoja wa Ulaya uliifuta mwaka 2020 kwa sababu ya hatari yake kwa ukuaji wa ubongo wa watoto, na mwaka 2025 iliingizwa kwenye orodha ya mkataba wa Stockholm, unaolenga kuondoa duniani kemikali sumu zisizooza upesi, ingawa kuna ruhusa za muda kwa matumizi machache. Kuimwaga chini ya darasa la chekechea ni jambo linalotaka sababu nzito sana.

Kuna ya tano ambayo ningependa kuitaja kwa sababu ya bahari yetu: rangi ya chini ya boti. Ile yenye bati, iliyokuwa ikiwageuza konokono wa baharini jinsia, ilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kazi mwaka 2008. Boti za fibaglasi za kaunti hupakwa rangi za kisasa, kwa hiyo taja wazi kwamba isiwe na bati. Jahazi la mbao lina deheni yake ya shahamu na chokaa, na fundi wa Matondoni hana haja ya kufundishwa na ofisi.

Hatua ya 3: Soma hati ya usalama

Kila kemikali ya kazini inapaswa kuwa na hati ya usalama yenye sehemu 16. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka anayeiuza aitoe. Muuzaji akikwambia hana, mwambie aiombe kwa mtengenezaji. Kiwanda cha kweli huituma kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Usisome zote 16. Fungua ya 2, inayotaja hatari; ya 3, inayotaja viungo na namba zake; ya 8, inayosema mfanyakazi avae nini; na ya 12, inayohusu viumbe vya majini. Kwenye sehemu ya 2 tafuta alama zinazoanza na herufi H. H350 ni saratani. H340 ni kuharibu vinasaba. H360 ni kudhuru uzazi au mimba. H334 ni pumu. H317 ni mzio wa ngozi. H410 ni sumu kali na ya kudumu kwa viumbe vya majini. Ukizijua sita hizi tu, umemshinda muuzaji anayekuja na kopo lenye picha ya jani la kijani na neno "asilia". Neno hilo halina mlinzi. Nimeona sabuni ya "asilia" yenye H410 kwenye karatasi yake.

Viungo navyo vina namba za utambulisho zisizobadilika hata jina la biashara likibadilika: glutaraldehaidi ni 111-30-8, klorpirifosi ni 2921-88-2, kromati ya risasi ni 7758-97-6. Weka namba, si majina, kwenye zabuni. Majina yana lakabu nyingi.

Hatua ya 4: Tafuta mbadala, na uujaribu kwa maji yetu

Anza kwa kuuliza kazi, si bidhaa. Tunataka ukuta usioingia chumvi, au tunataka kopo la rangi? Katika mji mkongwe jibu linaweza kuwa chokaa. Kuta za mawe ya matumbawe hupumua. Ukizifunika kwa rangi ya plastiki, chumvi na unyevu hukwama ndani na plasta ikaanza kumenyuka. Chokaa huruhusu ukuta upumue, haina risasi, na mafundi wake wako hapahapa. Nayo ina ubaya wake: ikiwa mbichi huchoma macho na mikono, kwa hiyo glavu na miwani viingie kwenye bei, na usikubali chokaa iliyochomwa kwa matumbawe mabichi na magogo ya mikoko, maana utakuwa umehamisha madhara kutoka darasani hadi kwenye miamba na misitu.

Kuhamisha madhara ndiyo mtego mkubwa wa kazi hii. Ulimwenguni watu waliondoa kemikali iitwayo BPA kwenye plastiki, wakaweka BPS, ndugu yake wa karibu, na wataalamu wakaja kukuta kwamba ndugu huyo naye huchezea homoni. Kila mbadala upitishe kwenye hati ya usalama ileile uliyompitishia mwenzake.

Hata mimi nimewahi kunaswa. Niliandika kwenye rasimu kwamba hakuna kiungo chenye H360 kitakachokubaliwa, nikafurahia ukali wangu. Fundi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na borati je?" Borati hutumika kukinga mbao za ndani dhidi ya mchwa, na ni nafuu mno kuliko klorpirifosi kwa anayekaa ndani ya nyumba, lakini ikiwa unga ina H360. Mstari wangu ungeifungia nje mbadala niliokuwa nautafuta. Nikaongeza: mbao zilizokingwa kiwandani zinakubaliwa, unga wa kumwagiwa na vibarua haukubaliwi. Pia borati huoshwa na mvua, kwa hiyo ni ya ndani tu. Nje na chini ya msingi, zungumza na mhandisi kuhusu sakafu ya zege isiyo na nyufa, wavu wa chuma, na kuondoa masalio ya mbao kwenye shimo la msingi kabla ya kufukia. Mchwa wengi hualikwa na mkandarasi mwenyewe.

Sasa kujaribu. Chukua lita chache za sabuni unayoifikiria, mpe mama wa usafi wiki mbili, kisha msikilize. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, hii yako nzuri Nairobi. Kwa maji ya chumvi haitoi povu hata uimimine chupa nzima." Alikuwa sahihi. Maji yetu mengi yana chumvi na chokaa, na sabuni nyingine hugandamana humo. Povu lenyewe si kipimo cha usafi, lakini anayeona povu halipo huongeza sabuni mara tatu, na hesabu yako yote inaharibika. Andika kwenye zabuni kwamba sabuni ifanye kazi kwenye maji magumu.

Jambo jingine la hapa ni joto. Klorini ya maji hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto na mwanga. Ukinunua ya mwaka mzima mwezi wa saba ukaiweka kwenye stoo ya mabati, mwezi wa tatu unapiga deki kwa maji ya chumvi tu. Vidonge au unga wa klorini hudumu zaidi, na ni vyepesi kuvusha hadi Faza au Kiunga.

Hatua ya 5: Andika mstari

Hapa ndipo uzito ulipo, kwa hiyo usiharakishe.

Kwanza jua sheria iko upande wako. Katiba, ibara ya 227, inataka ununuzi wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 60, inasema mahitaji ya kiufundi, inapofaa, yazingatie utendaji, yafuate viwango vya kitaifa au vya kimataifa, yazingatie maisha yote ya bidhaa, na yawe rafiki kwa mazingira. Neno mazingira limo humo ndani. Anayekwambia "sheria inataka bei ya chini tu" hajakisoma. Inataka bei ya chini miongoni mwa waliotimiza masharti, na masharti unayaandika wewe.

Kifungu hichohicho kinakukataza kutaja jina la biashara, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza, na hata hapo lazima ukubali kilicho sawa nacho. Usiandike "rangi ya kampuni fulani". Andika sifa. Zabuni huandikwa Kiingereza. Hapa naweka kwa Kiswahili ili maana ishikwe, kisha uihamishe.

Kwa rangi: "Risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi iliyokauka. Mzabuni aambatishe cheti cha maabara iliyoidhinishwa, kisichozidi miezi 12, kinachotaja jina la bidhaa na rangi husika. Kaunti itachukua sampuli wakati wa kupokea. Ikizidi kiwango, mzigo wote utarudishwa kwa gharama ya mzabuni."

Maneno "na rangi husika" yana thamani. Cheti cha rangi nyeupe hakisemi lolote kuhusu manjano, na cheti cha nyeupe ndicho utakacholetewa.

Kwa sabuni na dawa za kawaida za usafi, klorini ikiwekwa kando kwa kuwa yenyewe huwa na H410: "Bidhaa isiwe na kiungo, kwa asilimia 0.1 au zaidi, kilichoainishwa H340, H350 au H360. Bidhaa kama inavyouzwa isiwe na H334 wala H410. Mzabuni aambatishe hati ya usalama yenye sehemu 16. Bidhaa iwe nzito ya kuchanganywa na maji kabla ya kutumika, ije na kipimio, na ifanye kazi kwenye maji magumu."

Kwa vifaa vya hospitali: "Kisicho na zebaki, chenye uthibitisho wa usahihi kutoka kwa mtengenezaji, na betri zinazopatikana madukani." Betri nimeziweka kwa makusudi. Nimeona vipima presha vya dijitali vikilala kabatini kwa sababu betri yake hutoka ng'ambo, muuguzi akarudia kile cha zebaki.

Kwa majengo, usisahau BQ. Maafisa wa ununuzi hujali zabuni za bidhaa na kusahau kwamba rangi nyingi na dawa ya mchwa huingia kupitia mkandarasi. Masharti yaleyale yaingie kwenye BQ, neno kwa neno.

Nembo za mazingira zinasaidia. Blauer Engel ya Ujerumani ipo tangu 1978, na Green Seal ya Marekani tangu 1989. Lakini zitumie kama njia ya kuthibitisha, kamwe zisiwe sharti pekee: "nembo hii, au nyaraka zinazothibitisha sifa zilezile." Ukiweka nembo peke yake utaufunga mlango kwa viwanda vya Kenya, na mzabuni mwenye wakili atakupeleka kwenye bodi ya mapitio ya zabuni ndani ya siku 14, mchakato usimame huku watoto hawana madarasa.

Kabla ya kutangaza, wape rasimu wauzaji wanne au watano kwa pamoja, kwa uwazi, na uwaulize: mnaweza? Wote wakisema hapana, legeza mahali pamoja. Akiweza mmoja tu, angalia kama hukuandika bidhaa yake bila kujua.

Hatua ya 6: Hesabu bei ipasavyo

Kamati huogopa bei ya kopo. Waonyeshe bei ya ndoo iliyo tayari kutumika. Tuseme sabuni ya kawaida ni shilingi 1,200 kwa lita 20, na huchanganywa sehemu moja kwa nne za maji: unapata lita 100, shilingi 12 kwa lita. Sabuni nzito tuseme ni shilingi 2,000 kwa lita 5, sehemu moja kwa 40 za maji: lita 205, chini kidogo ya shilingi 10 kwa lita. Kisha ongeza nauli. Mzigo wa Lamu hubebwa na lori hadi Mokowe, ukashushwa, ukapakiwa botini, ukashushwa tena, ukapandishwa punda. Kubeba lita 5 badala ya 20 kwenye safari hiyo ni pesa, na ni madumu machache matupu yatakayozagaa ufukweni.

Hesabu hii hufa mara moja kama kipimio hakipo. Mkono wa binadamu humimina.

Iandike hesabu yenyewe ndani ya nyaraka za zabuni, kwamba bei zitalinganishwa kwa lita iliyo tayari kutumika. Ukiibuni wakati wa tathmini, umeivunja sheria, hata kama una haki kiasi gani.

Hatua ya 7: Tathmini bila huruma na bila mbwembwe

Sharti la sumu liwe la ndiyo au hapana. Usiliwekee alama. Ukisema "usalama alama 10, bei alama 60", mwenye risasi atashinda kwa bei. Waliokosa cheti wanatoka mwanzoni. Waliobaki, bei ya chini ishinde.

Asilimia 30 ya zabuni zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wengi wao Lamu ni wauzaji wadogo wasioweza kulipia maabara. Usiwavunje. Cheti ni cha mtengenezaji, wala muuzaji hatakiwi kupima mwenyewe. Waite siku moja kabla ya kutangaza, uwaonyeshe hati ya usalama inafananaje na inaombwaje. Saa mbili hizo zitakuokoa na mrundo wa zabuni zilizokosa karatasi. Kwa bidhaa za kila mwezi, mkataba wa bei wa muda mrefu, ambao sheria inauruhusu hadi miaka mitatu, humpa muuzaji mdogo sababu ya kuagiza kitu kipya, na wewe unapokea klorini mbichi kidogokidogo.

Kwa ununuzi mdogo wa kwotesheni tatu, masharti ni yaleyale. Sumu nyingi huingilia dirisha hili, kwa sababu karani huandika "rangi manjano" tena.

Hatua ya 8: Tarehe

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Ukiingia stoo mwezi wa saba, utakuwa na mstari wa kuweka kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka unaofuata. Ukiingia mwezi wa tano utaambiwa "tayari imeshapita". Mwananchi naye ana mlango wake: ushirikishwaji wa umma kwenye bajeti, na ibara ya 35 ya katiba inayompa haki ya kuomba nakala ya masharti ya zabuni. Kamati ya chekechea ikiuliza kwa barua, "Rangi ya darasa letu ina risasi kiasi gani?", afisa lazima alitafute jibu.

Hatua ya 9: Vitu vya zamani

Usivitupe. Usiwape watu waende navyo nyumbani. Vipimajoto vya zebaki viwekwe kwenye chombo cha plastiki kigumu chenye kifuniko, ndani ya chombo kingine, kwa daftari lenye idadi, hadi achukue aliyeidhinishwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kikivunjika, usifagie wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Fungua madirisha, toa watu, kusanya matone kwa karatasi ngumu. Rangi ya zamani ya darasani isipigwe msasa mkavu, vumbi lake ni baya kuliko rangi yenyewe. Lowesha, kwangua polepole wakati wa likizo, kusanya magamba yote, kisha paka mpya.

Hatua ya 10: Gatini

Kazi inaishia ilipoanzia, mlangoni mwa stoo. Kamati ya ukaguzi na upokeaji iwe na karatasi moja yenye masharti matatu au manne, si zabuni nzima ya kurasa 60 ambayo hakuna atakayeifungua juani. Walinganishe jina la kopo na jina la cheti, herufi kwa herufi. Waangalie tarehe ya kutengenezwa. Waangalie rangi: manjano iliyoletwa ndiyo manjano iliyopimwa? Wachukue kopo moja bila kuchaguliwa na muuzaji, walifunge kwa lakiri, walipeleke kupimwa, na malipo yangoje jibu.

Siku moja utakuwa na makopo 60 yamekwisha kushushwa Mokowe, nahodha anataka kuondoka na maji, mkuu wa shule anapiga simu kuwa Jumatatu watoto wanarudi, na kopo moja kati ya hayo lina jina lisilolingana na cheti. Muuzaji atakuambia ni kampuni moja, wamebadilisha lebo tu. Huenda ni kweli. Mwombe barua ya kiwanda inayosema hivyo. Akikosa, yapakie makopo yarudi lorini, uandike kwenye fomu sababu kwa mstari mmoja, na umpigie mkuu wa shule wewe mwenyewe.

Watoto wanaweza kusoma wiki mbili kwenye ukuta usiopakwa.